Tawi Nililolifunga

Mtu hatungi uongo wa kujiaibisha. Uongo tunautunga ili tuonekane wazuri, sivyo? Basi sikiliza ninachokuambia, na ukifika mwisho utaona kwamba aibu yote ni yangu, wala hakuna mahali nilipojipamba. Kilitokea hapa Kindu, mtaa wa Mikelenge, barazani kwangu, saa tisa alasiri, jua likichoma bati. Wengi wakisikia habari ya namna hii huniuliza kwanza kama kulikuwa na giza. Hakukuwa na giza. Niliona vizuri, na jirani yangu alikuwa anakaanga mikate hatua kumi kutoka hapo.

Lazima nikueleze kazi yangu kwanza, la sivyo hutaelewa kosa langu. Mimi nakusanya majina. Kuna tovuti moja ya koo, wenyewe wako mbali, nao walitupa tableti sisi watu wachache wa Maniema. Tunakwenda kwa wazee, au wazee wanakuja kwetu. Mzee anataja baba yake, babu yake, watoto wa kila mmoja, walizaliwa wapi, wamezikwa wapi. Tunamwita mtoa majina. Tunampiga foto, tunarekodi sauti yake, na mwisho anaweka kidole kwenye kioo kuthibitisha kwamba hayo ni maneno yake. Usiku mtandao ukirudi, majina yanapanda. Kesho yake mjukuu aliye Kinshasa au Ulaya anafungua simu na kumkuta babu wa babu yake. Ni kazi nzuri. Hata leo, baada ya yote, nasema ni kazi nzuri.

Ila ina masharti yake. Kila mtu unayemwandika lazima useme yuko hai au amekufa. Aliye hai jina lake linafichwa, aliyekufa linaonekana na watu wote. Halafu lazima useme aliacha watoto au hakuacha. Usipojaza, tawi lile linarudishwa na alama nyekundu, na alama inakaa hapo mpaka utafute jibu. Wenzangu walikuwa na alama nyekundu mwili mzima, kama mtoto mwenye surua. Mimi sikuwa na hata moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka kumi na tano, na daftari chafu linaniuma tumbo. Sasa nilikuwa nafanyaje mzee akiniambia, huyu alipotea katika vita, hatujui habari zake? Niliandika amekufa. Niliandika hakuacha mtoto. Unagusa mara mbili kwa kidole, tawi linafungwa, alama nyekundu haipo. Nilijiambia kwamba mtu aliyepotea miaka ishirini na zaidi unamngojea nini tena, maji yakimwagika hayazoleki. Na wewe unajua katika mkoa huu hakuna nyumba isiyo na mtu aliyepotea katika vita.

Kwetu aliyepotea alikuwa mama mdogo Feza.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili. Treni ya kusini ilikuwa imeacha kuja, chumvi ilipimwa kwa kijiko, na mtu akisikia risasi aliuliza kwanza zinatoka upande gani kabla ya kuuliza ni za nani. Mama mdogo Feza, mdogo wake mama tumbo moja, alikimbia kutoka Tunda akafika kwetu na kifurushi kidogo cha nguo. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili tatu tu maishani. Alikaa siku tatu. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu Zaina na hakuwa na nguvu, kwa hiyo Feza alimbeba Zaina mgongoni mchana kutwa, akitwanga mpunga naye, akichota maji naye. Siku ya nne aliondoka na watu waliokuwa wanakwenda Punia kwa miguu, kupitia porini. Kulikuwa na mwanaume kule machimboni. Mama alisema hivyo kwa kunong'ona, maana Babu Sumaili, baba yao, hakutaka hata kusikia jina la mwanaume huyo. Baadaye tukaambiwa kundi lile lilishambuliwa njiani. Hakurudi mtu wa kutueleza zaidi.

Mama alimngojea sana. Vita viliisha, au tuseme vilipungua, na yeye bado alikuwa akinituma bandarini kila meli ikifika. Mwishowe wazee walikaa wakasema inatosha, mtu asiye na kaburi hapumziki na wa kwao hawapumziki. Kwetu, mwili usipopatikana, hukatwa mgomba wa kimo cha marehemu, hufungwa sanda, huliliwa na kuzikwa kama mtu. Mjomba Amisi, kaka yao, aliukata mgomba ule mwenyewe kule Tunda. Mimi nilishika upande wa miguu. Utomvu ulipenya kitambaa cheupe na kuacha madoa ya kahawia, yale yasiyotoka hata ufue kwa sabuni gani. Tukamzika kando ya Babu Sumaili. Mwaka uliofuata mama naye akafa, na Zaina akabaki mikononi mwangu, mimi dada yake. Nilimlea mimi. Nakuambia hivi ujue kwamba Zaina si mdogo wangu tu.

Zaina akapata mchumba. Jina lake Asani, anapakia mizigo bandarini, kijana mpole, mcheshi, mwenye adabu kwa wakubwa. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Walivyofanana kwa kicheko, majirani walisema ni Mungu aliyewakutanisha, na mimi nilijivuna kana kwamba nilisaidia. Kasoro ilikuwa moja tu. Asani hakujua alikotoka.

Wazee walipokutana kutaja milango, maana kabla ya arusi kila upande husema umetoka kwa mama yupi na babu yupi ili damu isirudi nyumba moja, baba aliyemlea Asani kule Punia alisema ukweli wake bila kuficha. Mtoto aliletwa kwao wakati wa vita, mchanga, mama yake akafa, mlango wake hawaujui. Mjomba Amisi akatikisa kichwa.

"Mutoto hana mulango," akasema. "Sasa tutajuaje kama hatumuozeshe na ndugu yake?"

Zaina alikuwa nyuma ya pazia, nilimwona vidole vyake vimekaza kitambaa. Mimi nikainuka, mwalimu, mwenye kazi yake, nikaleta karatasi niliyoichapisha mjini. Ilikuwa na wote waliotoka kwa Babu Sumaili, mpaka watoto wanaonyonya. Nikamwambia Mjomba aangalie mwenyewe kama kuna mtoto aliyepotea humo. Akavaa miwani. Kidole chake kikashuka polepole, kikasimama kwa Feza, binti Sumaili, amekufa, hakuacha mtoto. Akaniuliza nani amesema hakuacha. Nikajibu kwamba ndivyo ilivyo kwenye tovuti, na kwamba imekubaliwa kule juu. Sikumwambia kwamba aliyesema ni mimi. Kusema kweli, wakati ule hata sikukumbuka kama niliuliza mtu yeyote. Karatasi ikamshinda mzee, na arusi ikawekwa Jumamosi.

Alhamisi ya wiki ile njo siku yenyewe, ndiyo siku niliyoanza kukuambia.

Zaina alikuwa amekwenda kwa mshonaji kujaribu gauni. Mimi nilikuwa barazani na tableti yangu, viti viwili, kimoja changu na kimoja cha mtoa majina. Nikasikia hodi. Mwanamke amesimama mbele yangu, umri wake si zaidi ya miaka thelathini, mwembamba, amejifunga kitambaa cheupe chenye madoa ya kahawia. Na mimi, kwa kiburi changu, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba mtu gani huyu anakuja kupigwa foto na nguo chafu. Sura yake nilikuwa naijua, lakini ni kama unapomwona mtu sokoni na jina lake halitaki kuja. Nikamkaribisha. Nikampa maji, akayaangalia tu, akasema kwanza kazi. Nikampiga foto, nikawasha sauti, nikamuuliza jina lake kama ninavyowauliza wote.

"Tuanze na mutoto," akasema.

Nikamweleza taratibu kwamba tunaanza na mtoa majina, halafu wazazi wake, halafu watoto. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mimi sina mulango pale ndani. Mutoto njo mulango wangu."

Nikajisemea, huyu mkaidi, lakini wakaidi nimewazoea. Nikafungua ukurasa wa mtoto. Akanisimulia bila kukwama. Mtoto wa kiume. Alimpa jina la Sumaili, jina la baba yake yeye mama. Sumaili ni wengi Maniema, sikushtuka. Alizaliwa njia ya Punia, baada ya miezi ya kujificha porini, katika kibanda walichokiacha wachimbaji, mvua ikinyesha, siku ambayo asubuhi yake walikuwa wamefukuzwa mahali pengine. Wiki mbili baadaye, wamelala kandokando ya moto porini, kaa liliruka likamuunguza mtoto chini ya mguu wa kushoto, hapo pa kukanyagia. Kovu lake dogo, kadiri ya punje ya haragi, harage moja. Kisha homa ikamshika yeye mama. Akampa mtoto kwa mwanamke mmoja wa Punia ambaye wake alikuwa amemfia na bado alikuwa na maziwa.

Niliandika yote. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, kazi ni kazi, nimesikia mengi ya vita na nimejifunza kuandika bila kulia. Nikauliza kama mtoto yuko hai. Yuko hai. Anakaa wapi? Hapa hapa Kindu, akasema. Ameoa?

"Jumamosi wanamuozesha. Njo maana nimekuja leo."

Nikatabasamu nikampa hongera. Jumamosi moja Kindu arusi ni nyingi, mimi ningejuaje?

"Usiseme hongera," akasema, na hakupandisha sauti.

Hapo ndipo nilipohisi ubaridi. Si upepo. Ulianzia mgongoni ukapanda shingoni, na jua lilikuwa bado linanipiga miguuni. Nikawa nataka amalize aende. Nikamuuliza haraka jina la mama wa mtoto.

"Feza."

Binti ya nani?

"Sumaili wa Tunda."

Nikaandika. Kabla sijafika herufi ya mwisho, tableti ikafanya inachofanya siku zote ukiandika mtu ambaye tayari yumo. Ikaniletea kisanduku. Mtu huyu yupo. Feza, binti Sumaili, Tunda. Amekufa. Hakuacha mtoto. Na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la aliyeandika. Langu.

Niamini, sikuweza kuinua kichwa. Niliangalia miguu yake chini ya kile kitambaa, nikayaona yale madoa, na sasa nikajua ni ya nini. Mikono yangu iliyashika madoa hayo kabla hayajakauka. Nilikuta nimesema, kwa sauti ya mtoto anayejitetea mbele ya mwalimu, kwamba mtu huyo amekufa, mama mdogo Feza amekufa, tulimlilia, tulimzika.

"Kufa nilikufa, sikatale," akasema. "Kusema sikuzala, ile njo nakatala."

Nasikia mafuta ya jirani yanachemka. Nasikia watoto wanapita barabarani wanagombania mpira. Akasema neno moja tena, fungua.

Nikafungua. Nikakosea mara mbili. Ili tawi lililofungwa lifunguke, mtoa majina lazima athibitishe. Nikamsogezea tableti bila kumtazama. Akaweka kidole kwenye kioo. Kioo hakikusikia. Akaweka tena, akabonyeza, akajaribu kingine. Hapakuwa hata na alama ya unyevu. Nikamtazama wakati huo, nadhani kwa sababu nilimwonea huruma. Alikuwa anakiangalia kidole chake kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wageni.

"Weka chako," akasema. "Kidole kilichonifunga kinifungue."

Nikaweka changu. Tawi likafunguka. Chini ya Feza kukawa na mstari, na chini ya mstari, mtoto mmoja.

Akasimama. Akakaza kitambaa chake kifuani kama mama yeyote anayejiandaa kutoka. Nilitaka kuuliza jambo na yeye akalijibu bila kuulizwa.

"Zile siku tatu kwenu, hawa watoto niliwabeba wote wawili. Zaina kwa mugongo, ule mwingine kwa tumbo. Sikumuambia dada. Niliogopa baba."

Akashuka ngazi. Nilimwona akishika njia ya lango, polepole, jua likimpiga begani. Alipotoka machoni nikakimbia nje, nikamkuta Mama Salima, jirani yangu, na karai lake la mikate hapo hapo langoni ambapo hukaa tangu saa nane. Nikamuuliza yule mwanamke ameshika upande gani. Mwanamke gani? Akaniambia tangu amewasha moto hajaingia mtu kwangu wala kutoka, na alinisikia naongea, akafikiri niko kwenye simu. Halafu akaniuliza kama naumwa.

Nikarudi kwenye tableti. Foto ilikuwa nzuri, mwanga wa kutosha, kiti, ukuta, glasi ya maji. Sauti nikaisikiliza nimefunga mlango. Niko mimi nauliza, jina lako, kisha kimya, mimi naeleza taratibu, kimya kirefu, mimi nauliza yuko hai, anakaa wapi, ameoa. Mimi nasema hongera peke yangu. Katika zile nafasi kulikuwa na kitu kinachakarika, kama majani makavu ya mgomba yakisuguana. Lakini maandishi yalikuwepo. Sumaili, mvulana, kovu mguu wa kushoto.

Jioni Zaina akarudi na gauni kwenye mfuko, anaimba. Akalivaa anionyeshe. Akazunguka katikati ya nyumba, akaniuliza kama mama angelipenda. Wewe ungesema nini? Mimi nilisema angelipenda sana. Nikaenda kulala nikiwa nimeshakata shauri kwamba joto lilinipiga kichwa, kwamba mtu anaweza kuandika maneno usingizini, kwamba Maniema ina makovu mengi kuliko miguu. Sikutaka kuamini. Unanilaumu? Ningeamini, ningempoteza. Nisipoamini, ningemtia nyumbani kwa kaka yake, maana kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, hakuna neno lingine, na watoto ambao wangezaliwa humo nani angewatajia mlango?

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda bandarini.

Walikuwa wanapakua magunia ya mchele kutoka kwenye boti. Asani yuko pekupeku kwenye ubao, gunia begani, anawatania wenzake. Aliponiona akalitua, akaja mbio, akanisalimia kwa kuinama kidogo kama kawaida yake. Nikamwambia nataka kuona chini ya mguu wake wa kushoto. Alicheka. Akadhani ni mzaha wa mashemeji, kumpima bwana arusi kama anavyopimwa mbuzi. Nikarudia. Akaacha kucheka, akakaa juu ya gunia, akapangusa vumbi kwa kiganja, akageuza mguu.

Haragi moja. Nyeupe, laini, imezama kidogo katika ngozi nene.

"Mama Mwalimu, nani alikuambia?" akauliza. "Ile alama hata Zaina hajaiona."

Nikamuuliza kama aliyemlea aliwahi kumwambia jina alilokuja nalo. Akaniambia ndiyo, aliwahi. Walimwita Asani kwa jina la mtoto wao aliyekufa, lakini mwanamke aliyemleta alikuwa akimwita Sumaili. Hakuwahi kulitumia, kwa sababu hakujua ni la nani. Nikamwambia ni la nani. Nikamwambia yote, pale pale, watu wakipita na magunia wakituona. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliinamisha kichwa akalia, na mimi sikujua analia kwa kumpata mama au kwa kumpoteza Zaina. Nadhani hata yeye hakujua.

Mjomba Amisi nilimsimulia jioni. Aliuliza kitu kimoja tu, kile kitambaa kilikuwa na madoa ya namna gani. Nikamweleza. Akaondoka bila kuaga, akaenda kumwita kijana, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwita mtoto wa dada yangu. Karatasi yangu aliikunja akanirudishia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Lakini Zaina. Zaina nilimwambia mimi mwenyewe, kitandani kwake, gauni limetundikwa ukutani. Nilimweleza kila kitu kama nilivyokueleza wewe, na kosa langu sikulificha. Alisikiliza amekaa wima. Mwisho akasema maneno ambayo yananiamsha mpaka leo.

"Uliandika kama hakuzala, nikamupenda. Sasa unaandika kama alizala. Mimi nifuate andiko lako gani, dada?"

Jumamosi watu walikula wali wa arusi kimyakimya kama wako matangani, maana ulikuwa umeshapikwa. Jumatatu Zaina alipanda boti ya kwenda Ubundu, na kutoka huko akaendelea Kisangani. Simu yangu haipokei. Namtumia ujumbe, naona ameusoma, hajibu. Nasikia anafanya kazi ya kushona na hali yake ni nzuri. Nasikia kwa watu.

Asani huja kwangu kila Jumapili. Ananiita dada. Alikwenda Tunda na Mjomba, akalala usiku mzima kando ya kaburi la mgomba, akarudi na udongo kidogo amefunga kwenye leso. Tunakula wali na sombe ya majani ya muhogo, tunaongea habari za bandari, za mvua, za bei ya mafuta. Jina la Zaina hatulitaji. Kuna siku anacheka, na kicheko ni kile kile chao, naye anakata katikati na kuangalia pembeni.

Yule mwanamke hajarudi. Sitegemei atarudi, alichokitaka amekipata. Wa kwake si tatizo langu tena. Tatizo langu ni wengine. Mama mdogo wangu alijua njia ya nyumbani kwangu kwa sababu aliwahi kulala humo. Lakini katika miaka ile ya kutokuwa na alama nyekundu nilifunga watu wa Kibombo, wa Pangi, wa Kabambare, nyumba kwa nyumba, kidole mara mbili, amekufa, hakuacha mtoto. Niliandikia wakubwa wa tovuti kuomba yote yafunguliwe. Wakanishukuru kwa kazi yangu safi, wakasema rekodi zilizokubaliwa zinahitaji ushahidi mpya. Sasa nazunguka na daftari zangu za zamani, nikiwatafuta wazee wale, na wengi wao wamekwisha kufa. Ikifika saa tisa alasiri nakuwa nimesharudi na nimekaa barazani. Naogopa, lakini nakaa. Nani atawafungulia nisipokuwepo?

Basi wewe unayenisikiliza, kama kwenu ni Maniema, na una mtoto anayetaka kuoa au kuolewa, usiridhike na kilichoandikwa kwenye simu. Tafuta jina la mtu wenu aliyepotea vitani. Ukikuta chini yake imeandikwa hakuacha mtoto, uliza ni nani aliyeyaandika maneno hayo, na alimuuliza nani. Uliza kabla hamjapika wali. Huenda ni mimi.